Mwindaji Mmoja wa Ndugu Wawili

Mwindaji wetu alikuwa mmoja, sisi tulikuwa wawili. Yaya wangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, ndiye aliyemtengeneza, mwaka aliotoka Kindu kwenda kusoma Bukavu, na kabla hajapanda ndege alininong'oneza neno la siri huku akiniapisha mambo ambayo sikutimiza hata moja.

Mchezo ule wa kompyuta una kanuni kali: akaunti moja, mtu mmoja. Mimi nikiingia kutoka Kindu wakati yeye yumo kutoka Bukavu, yeye anatupwa nje papo hapo. Akirudi, natupwa mimi. Tulitupana hivyo kwa muda mrefu. Nilikuwa nasubiri nihisi kwamba sasa yuko katikati ya mapigano na zimwi kubwa, ndipo naingia. Haipiti dakika, simu ya Mama inalia.

"Wee shetani mudogo, toka!"

"Samahani, bwana, hapa ni kwa gavana. Piga kesho."

Kwa asiyejua, mwindaji hapigani kwa karibu. Anasimama mbali na upinde wake, anatuma mnyama wake mbele aumizwe badala yake. Ni kazi ya waoga, kwa hiyo inanifaa. Mnyama wetu alikuwa nguruwe wa pori. Nilimkamata mimi, siku yaya hayupo, na nyumba yetu ni ya Waislamu tangu kwa babu wa babu. Mama alipomwona akanifuatafuata kwenye kioo aliuliza kama wanyama wote wa Mungu walikuwa wamekwisha. Nikamwambia simli, natembea naye tu. Nilichokula ni kofi, na kofi lenyewe lilikuwa halali.

Kisha vita vikaingia Bukavu.

Simu ya yaya ilizimika siku ileile. Mama alipiga, akapiga, yule mwanamke wa mtandao akamjibu kwa Kifaransa kilekile. Majirani walileta habari, kila mmoja na yake: wanafunzi wamekimbilia kanisani, wanafunzi wamechukuliwa, wanafunzi wako salama kabisa. Nyumbani nilivunja sahani nzuri, ile ya wageni, na Mama akaokota vipande bila kusema neno. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mama yangu asiponigombeza, jua kuna msiba karibu.

Nikaanza kwenda sibere kila nikitoka masomo. Ni chumba kimoja cha kompyuta za kukodi upande wa pili wa soko, kina jenereta linalokohoa kama mzee wa tumbaku, na patroni wake anakutoza hata kwa kupumua. Nilikuwa naingia kwenye mchezo, namsimamisha mwindaji kwenye uwanja wa kijiji, nguruwe kando yake, na sifanyi kitu. Nakaa tu.

"Unangoja treni?" aliniuliza rafiki yangu, mtoto wa fundi wa reli. Kwao ni Wakasai, na yeye hucheza mganga mwenye kanzu nyeupe.

"Nangoja kufukuzwa."

Akacheka, kisha akaelewa, akaacha kucheka. Kwa sababu kufukuzwa kuko kwa aina mbili. Mtandao ukikatika, kioo kinaandika kwamba mtandao umekatika. Maneno hayo nayajua kuliko sala. Lakini mtu mwingine akiingia kwa jina lako, kinaandika kwamba akaunti imefunguliwa mahali pengine. Na duniani tulikuwa wawili tu tulioijua ile siri.

Siku yenyewe nilikuwa nakula karanga. Kioo kikawa cheusi, nikatukana jenereta, na maneno yakatokea. Sikuyasoma mara moja. Macho yalikuwa yamezoea yale mengine.

*Akaunti imefunguliwa mahali pengine.*

Kiti kilianguka nyuma yangu. Mkono wangu wenyewe, kwa mazoea, ulikuwa tayari unaandika neno la siri ili nirudi ndani.

"Wacha!" Rafiki yangu alinishika kiganja. "Ukiingia, utamutupa nje!"

Nikaketi juu ya mikono yangu yote miwili. Kisha nikakumbuka kwamba nina miguu, nikakimbia sokoni.

Mama anauza samaki wakavu wanaotoka Lokandu. Alivuka barabara nami, kisu mkononi; alipoingia sibere patroni akasimama, akaketi tena.

"Yuko hai," nikamwambia.

"Nani alikuambia?"

"Mashine."

"Mashine iliona uso wake?"

Akaendelea kuuliza, polepole, namna anavyouliza akitaka kujua nani amekula sukari. Kama anaweza kucheza, mbona hapigi simu? Na muntu mwingine hawezi kuingia? Nikamwambia hapana, siri ni yetu wawili. Kisha, kwa sauti ndogo, nikaongeza kwamba kompyuta ya yaya huikumbuka siri yenyewe. Ukiifungua tu, umeingia.

"Basi anaweza kuwa aliyeichukua hiyo kompyuta," Mama akasema.

Hilo neno "aliyeichukua" lilikaa pale katikati yetu. Rafiki yangu alikuwa ameshafungua akaunti yake. "Nimuandikie? Nimuulize: yaya, njo wewe, ni wewe kweli?"

"Usiandike kitu!"

Mama alipiga kelele mpaka waliokuwa kwenye mashine nyingine wakageuka. Kisha akashusha sauti. Wakati wa vita, vile vya kwetu, alikuwa msichana, na Kindu ilikuwa imefungwa pande zote. Walijificha porini njia ya kwenda Kama, yeye na nyanya na majirani. Kijana mmoja wa majirani alikamatwa. Waliomkamata hawakumuua. Walitembea naye, wakamlazimisha aite. Akaita mama yake, akaita dada zake, kwa majina, kwa sauti yake mwenyewe. Waliojibu walipatikana. Nyanya alimziba Mama mdomo kwa kitambaa cha kichwa.

"Kama si yeye, ukiandika, wanajua iko na watu wanaomutafuta. Watamubana yeye. Na kama njo yeye, hatajibu. Hii habari nilimuambia tangu akiwa mudogo."

Mimi pia alikuwa ameniambia. Nilikuwa nadhani ni hadithi ya kututisha tusichelewe kurudi kutoka mtoni.

Kwa hiyo hatukuandika. Tulimtuma mganga kijijini, asimame nyuma ya kisima, atazame. Mwindaji alikuwa palepale nilipomwacha, na sasa anasogea. Ni jambo baya kuona mwili wako unatembezwa na mtu usiyemjua. Aligeuka kushoto, akageuka kulia, akatoka kijijini kuelekea ngome ya zamani. Mganga akafuata kwa mbali.

"Anatembea kama yeye?" Mama akauliza.

"Mama, wote wanatembea sawa. Ni mchezo."

"Tazama vizuri!"

Nikatazama mpaka macho yakawasha. Akapanda ukuta wa ngome. Chini yake kuna ua mtupu, na ndani ya ngome kumejaa mifupa inayotembea ikiamshwa, sasa imelala. Mwindaji mwenye akili, kabla ya kuruka chini, humficha mnyama wake kwanza. Usipomficha, mnyama haruki. Anatafuta ngazi, anapita ndani ya ngome nzima, anaamsha kila mfupa, anakuletea wote.

Akaruka. Hakumficha.

"Mjinga," nikasema, nikasogea karibu na kioo, kwa sababu ujinga huo ni wa yaya. Lakini ni ujinga wa kila anayejifunza. Mwizi wa kompyuta naye angeufanya.

Tukangoja. Ua ulikuwa kimya. Kisha mlango wa ngome ukafunguka na nguruwe akatoka mbio, nyuma yake mifupa yote, kama bibi harusi na ukoo mzima.

"Sasa," nikamwambia Mama. "Muntu yeyote sasa anakimbia. Hata mimi. Nguruwe anabaki, wewe unajiokoa. Ndiyo maana ya kuwa na mnyama."

Mwindaji hakukimbia. Alisimama palepale, akaweka upinde chini, akaanza kumtibu nguruwe. Kuna dawa ya hivyo, na ukiitoa huwezi kusogea wala kupiga. Mifupa ikamzunguka. Akaendelea kutibu. Damu yake ikashuka hadi nusu, ikashuka hadi robo. Nguruwe nisiyepaswa hata kuwa naye, na mtu anamtibu kama mgonjwa wa hospitali! Miaka yote nimemtukana yaya kwa jambo hilo. Nimemwambia kwamba Bukavu imemharibu, kwamba wasomi ndivyo wanavyokufa.

Akaanguka.

Niliruka juu nikapiga meza. "Amekufa! Mama, amekufa kabisa! Hakuna mwingine anayekufa hivyo!"

"Unacheka?"

"Njo yeye! Njo yaya!"

Rafiki yangu alikuwa anacheka na kupangusa pua. Mama hakucheka. Alikuwa anatazama ule mwili uani, nguruwe ubavuni.

"Kwa nini hakukimbia?"

"Njo vile anacheza, Mama."

"Nauliza kwa nini hakimbii."

Nilikuwa na utani tayari mdomoni. Nikaumeza. Niliona alichokuwa anakiona, na haikuwa ngome, ilikuwa Bukavu.

Patroni akapita nyuma yetu, hakudai kitu. Rafiki yangu akasema mganga anaweza kumwamsha aliyeanguka, mifupa ikishaondoka. Mama akauliza kama wengine wataona. Hapana, ataona yeye peke yake, swali dogo: unaamshwa, unakubali?

"Mwamshe."

Mganga akashuka, akanyoosha mikono. Kwa muda hakuna kilichotokea. Nilijua yaya anatazama jina la mganga. Alikuwa amecheza naye mara nyingi, anajua mwenye mganga huyo ni nani na anakaa mtaa gani. Kisha mwindaji akainuka. Akasogea mpaka mbele ya mganga, akaketi chini. Rafiki yangu akamketisha mganga pia. Hakuna aliyeandika neno. Wakakaa uani vile, wakitazamana, na sisi watatu tumebanana kwenye kiti kimoja na nusu, Mama akinuka samaki, ameshika kona ya meza.

"Ile mustari ya kijani ni nini?"

"Nguvu zake. Imejaa sasa."

"Na ile ndogo?"

"Njaa ya mnyama. Inaonyesha kama ameshiba."

Akaisogelea kwa karibu, karibu aguse kioo kwa paji la uso.

"Na yeye?" akauliza. "Ya kwake iko wapi? Amekula?"

Nikatafuta, ingawa nilijua mchezo haupimi njaa ya mwindaji. Nilitazama kila kona ya kioo kile, nikafungua kila dirisha ninalolijua, naye Mama akingoja, na mwindaji akiwa ameketi pale.