Mtu Amekwenda Dukani

Juzi nilimkuta jirani yangu ameanika betri za redio juu ya ukuta, zimejipanga mstari kama dagaa. Jua lilikuwa limeshazipasha, zikitoa ile harufu ya chuma na lami ninayoijua tangu utoto. Nikasimama pale muda mrefu kuliko inavyostahili. Jirani akadhani namshangaa kwa ubahili, akaanza kujitetea. Sikuwa na namna ya kumweleza kwamba namkumbuka Baba Mkubwa Hoza, kaka yake baba yangu, aliyetoka nyumbani kwenda kununua betri na mpaka leo hajarudi.

Nanyi mnielewe vizuri. Sijasema amekufa. Wala sijasema yu hai. Nimesema hajarudi.

Tulikaa mlimani juu ya Soni, nyumba yetu na yake zikitazamana, katikati pana mti wa mapeasi. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa. Sabuni na sukari zilikuwa zimerudi madukani, na mitumba ilikuwa imeanza kupanda mlima kwa marobota. Baba Mkubwa alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye kikohozi cha kujitangaza, na alijivunia vitu viwili. Cha kwanza ni koti la mtumba la rangi ya kahawia ambalo vifungo vyake vilikuwa upande wa kike. Kijiji kizima kiliona, hakuna aliyethubutu kumwambia. Cha pili ni redio ya betri nne, ambayo haikusema neno mpaka ipigwe makofi mawili mgongoni.

Siku ile betri zilikuwa zimeanikwa, zimeng'atwa kwa meno, na bado zimegoma. Baba Mkubwa akanywa chai yake ya tangawizi, akamwambia mkewe, Mama Mkubwa Mwanaidi, kwamba anashuka Mombo kununua mpya. Kwa kuwa Mombo ni joto, koti akaliacha msumarini. Akapita chini ya mpeasi, akakohoa, akaondoka.

Baada ya siku tatu Mama Mkubwa alikwenda polisi, nami nilimng'ang'ania kanga mpaka akakubali kunichukua. Askari alituacha tumesimama, akauliza urefu wa aliyepotea.

"Kama wewe," Mama Mkubwa akajibu, "ila yeye angeshanipa kiti."

Askari akatoa kiti. Akauliza kama kijijini kwetu hakuna duka.

"Lipo."

"Na betri halina?"

"Zipo. Lakini betri za kwetu hazidumu."

Askari akaacha kuandika, akamtazama kidogo, kisha akaendelea kuandika.

Tangazo likasomwa redioni. Tuliambiwa na watu wa Soni kwamba lilisomwa vizuri sana, na jina halikukosewa. Sisi wenyewe hatukulisikia, maana redio yetu haikuwa na betri.

Hapo ndipo Baba Mkubwa alipoanza kuonekana. Alionekana Mazinde anakula ndizi. Alionekana Sigi anawabebea mizigo Wazungu waliokuja kutazama ndege wa msituni, na siku hiyohiyo akaonekana Tanga mjini amenenepa. Mganga mmoja akapiga ramli, akasema yuko mahali penye maji mengi na miti mikubwa. Baba yangu akamwambia kwamba hata sisi tuko mahali penye maji mengi na miti mikubwa, na tumeshatazama.

Mwaka ukapita, wa pili ukaanza. Baba na wazee wa ukoo wakakaa, wakaamua yawekwe matanga na hitima isomwe ili shauri liishe. Mama Mkubwa akawatazama wote kwa zamu.

"Matanga ya nani?" akauliza. "Mtu amekwenda dukani."

Hakuwa mjinga. Alijua kwamba hitima ikishasomwa ataketi mkekani kama mjane, nguo za mumewe zitagawiwa, na kuanzia hapo hakuna mtu atakayemtafuta tena. Lakini wazee walishaamua. Wali ukapikwa, watu wakaja. Mama Mkubwa akavaa kanga mpya, akawapokea mlangoni kwa tabasamu na kuwauliza habari za mashamba, wala hakugusa mkeka wa wafiwa. Waombolezaji hawakujua waseme pole au waseme hongera. Bibi mmoja alichanganyikiwa akasema vyote viwili. Sisi watoto tulikuwa tumekaa juu ya mpeasi, tukiona kila kitu, na tulifurahi kupita kiasi.

Kwetu msiba haukamiliki bila mtani. Mtani wa Baba Mkubwa alikuwa Bi Zaina, mtoto wa shangazi yake, mwanamke mfupi mnene mwenye ulimi mkali, na kazi yake ilikuwa kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke. Alitoka Mtae kwa lori la kabichi, akafika dua imekwisha na wali umepungua. Hakusalimia mtu. Aliingia ndani moja kwa moja, na punde tukasikia kikohozi.

Jamani, kilikuwa kikohozi chenyewe! Mbwa wetu aliinuka akatikisa mkia. Bi Zaina akatokea mlangoni ndani ya lile koti, linaburuza chini, redio iko kwapani.

"Nani kafa hapa?" akauliza kwa sauti ya Baba Mkubwa. "Na nani kawaruhusu kula wali wangu?"

Akaipiga redio makofi mawili, akasoma taarifa ya habari ya ukoo mzima, nani anamdai nani jembe, nani anakoroma msikitini. Kisha akalifunga koti taratibu, kifungo kimoja kimoja, akasema, "Afadhali leo limepata mwenye upande wake." Watu wakaangua kicheko walichokuwa wamekibana tangu siku koti lile lilipoingia kijijini. Baba yangu alilia kwa kucheka. Mimi nilicheka mpaka nikateleza nikaanguka kutoka mtini.

"Mke wangu," Bi Zaina akaita, "chai yangu iko wapi?"

Mama Mkubwa, naye akicheka, alimimina chai ya tangawizi, akapiga goti, akampa kwa mikono miwili. Bi Zaina akapiga funda moja, akakohoa.

"Na betri ziko wapi?" Mama Mkubwa akauliza.

Vicheko vikaisha. Bi Zaina alitazama kikombe. Kisha akajibu, bado kwa sauti ileile, lakini chini.

"Duka lilikuwa limefungwa, mke wangu."

"Ungerudi tu hivyohivyo," Mama Mkubwa akasema.

Akakaa mkekani. Akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Mombo, na Bi Zaina akamkumbatia ndani ya koti.

Mimi nilidhani ni sehemu ya mchezo, nikaendelea kucheka peke yangu mpaka mama akanifinya. Niliolewa, nikazaa, ndipo nikaelewa kwa nini askari yule aliacha kuandika. Betri ziliuzwa kwetu, hatua mia kutoka mlangoni. Kila mtu mzima aliyekula wali ule alilijua hilo, na Mama Mkubwa alilijua kabla yao, na katika miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyelitamka mbele yake. Kama Baba Mkubwa alikimbia, alikufa au alipotea, hatujui. Mama Mkubwa alipewa jibu moja tu, na alipewa na mtani.

Siku hizi mtu akitoka kwangu kwenda dukani, namfuata hadi mlangoni nimwambie, "Ukikuta limefungwa, rudi." Watoto wangu hunicheka. Hurudi wakicheka, nami namshukuru Mungu.