Goti na Upepo wa Ziwani

Mchezaji mkongwe wa timu yetu ya kikapu, Bilele, haruki tena. Tangu aumie goti hulifunga kwa kipande cha lubugo, ile nguo ya gome la mti aliyopewa na mama yake, kisha hutembea uwanjani taratibu kama mtu anayetafuta hereni iliyodondoka. Zamani mikono yake iligusa ubao. Siku hizi husimama pembeni, vidole vimetanuka juu ya mpira, akisikiliza upepo wa ziwani mpaka utulie.

Jumamosi tulicheza na Muleba, na kocha alishamwambia kwamba tukifungwa hatamchezesha tena. Zilibaki sekunde chache, tuko nyuma kwa pointi moja. "Mwacheni huyo!" wasichana wa Muleba walipiga kelele. "Mama mkubwa, waitu, mpendwa wetu, kaa upumzike!"

Akacheka. "Nipumzike wapi, wanangu? Nyumbani ndiko kwenye kazi."

Wakamwacha peke yake, mpira mikononi. Migomba nyuma ya uwanja ikaacha kutikisika, naye akarusha. Mpira ulipaa polepole, kama unaota, na sote tukautazama. Yeye hakuutazama. Alikuwa ameshageuka kurudi kulinda, kwa kuwa goti lake hutaka kuondoka mapema, na wavu ukaitika nyuma yake.