Sauti Iliyokuwa Chini ya Elikana

Kwa miaka mingi watu wa Gungu waliamini, au tuseme walikubali kuamini kwa kuwa ilikuwa tamu, kwamba Elikana anajua lugha zote. Kichina alitafsiri, Kikorea alitafsiri, Kihindi ndiyo usiseme. Aliketi kwenye stuli pembeni ya runinga kubwa, ndani ya kibanda chake cha mabati cha kuonyeshea filamu na mpira, maikrofoni mdomoni, akawatia watu wa mbali maneno ya Kigoma. Jambazi wa Kichina akimshikia mtu bastola, kwa Elikana alikuwa anadai samaki wake, mgebuka, aliyeliwa na paka. Watu walicheka hadi mabenchi yakalia.

Kazi hiyo ilikuwa na kanuni moja. Kabla ya kuanza, aliishusha sauti ya filamu hadi ikabaki mnong'ono. "Mwenye filamu akipiga kelele, mimi nitasikika wapi?" alizoea kusema. Kwa hiyo hakuwahi kumsikiliza mwenye filamu hata mmoja.

Nje, ukutani kabisa, Marcelina alikaanga samaki. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye sauti nzito, na vijana wa bodaboda walimwita Mama Bariki. Hakuwahi kuingia ndani. Filamu zote alizisikia kupitia bati, akicheka peke yake juu ya karai. Mwanawe wa pekee, Bariki, alikulia kwenye benchi la mbele la kibanda kile. Alipopata mtu wa kumpeleka Urusi kwenye kazi ya ghala, mama aliuza shamba la michikichi la Simbo ili mtoto apate nauli. Siku ya kuagana, Bariki alimwambia, "Lugha isikutishe, mama. Nitaijua kama DJ Elikana." Alipiga simu mara chache, kisha akanyamaza. Mama akasema huko mtandao ni wa shida. Mtu huamini kile kinachomwezesha kuamka asubuhi.

Vita ile ya Warusi na Waukraine ilipofika Gungu, kwanza ilipandisha petroli, na bodaboda wakalalamika. Kisha wakaizoea, na walipoizoea wakaigeuza ligi. Hawa wakawa Warusi, wale wakawa Waukraine, wakataniana kama watu wa Simba na Yanga. Elikana, ambaye hakupenda mabenchi yapoe kabla ya mechi, akaanza kuwaonyesha vipande vya vita alivyovitoa mtandaoni, akavitafsiri kwa mtindo ule ule. Kifaru kikilipuka, alisema dereva amesahau maharage jikoni. Hakuona ubaya. Wale walikuwa mbali mno, na mtu anayefia mbali namna ile huonekana kama hakuwahi kuwa na mama.

Ndipo akapata kile kipande cha mateka. Kijana mweusi ameketi kwenye kreti, kofia ya sufu imevutwa hadi nyusi, ndevu zimemjaa, shavu moja limevimba hadi jicho likazama. Pembeni, mtu asiyeonekana anamhoji. Elikana akashusha sauti kama kawaida, akambunia kijana yule kisauti chembamba cha mtu mwenye njaa: "Jamani Wazungu, msinipige! Mimi nimepotea njia tu, nilikuwa natafuta stendi ya Kasulu!"

Kibanda kikaanguka kwa kicheko. Vijana wakakirekodi kipande kile kwa simu zao, na sauti ya Elikana juu yake, wakatumiana. Wiki ile mtu akichelewa kazini aliulizwa kama alikuwa anatafuta stendi ya Kasulu. Marcelina naye alilidaka neno hilo. "Na wewe," alimwambia mteja aliyeduwaa mbele ya karai, "unachagua samaki au umepotea stendi ya Kasulu?" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

Jumapili mchana kibanda kilijaa, watu wakisubiri mechi.

"DJ, rudia Kasulu!" alipaza sauti Meshack, dereva wa bodaboda aliyekuwa rika moja na Bariki.

"Rudia! Rudia!"

Elikana akarudia. Kijana akaonekana kwenye kreti yake, Elikana akafungua mdomo, na maikrofoni ikakata. Akaigonga kwa kiganja, akaipuliza, kimya. Alitaka kujua kama ni spika zilizokufa au ni waya, hivyo akapandisha sauti yote.

"Mwakeye, mama."

Ilikuwa salamu ya Kiha, kwa sauti pana, sauti ya mtaa ule ule.

"Ni mimi, Bariki. Bariki wa Gungu, Kigoma. Wameniambia niseme kwa lugha ya kwetu, labda nyumbani mtasikia. Sikuja kupigana, mama. Niliambiwa ni ghala. Tulipofika tukapewa bunduki."

Kisha yule mhoji akasema maneno marefu ya kigeni, bila haraka. Bariki akainamisha kichwa. Picha ikaganda.

Meshack alivua kofia yake polepole, akaishika kifuani bila kujua kwa nini. Uso ule Elikana alikuwa ameutazama wiki nzima, na hakuwa ameuona.

Nje kitu kilianguka. Marcelina akainama mlangoni, akaingia kwa mara ya kwanza tangu kibanda kijengwe, kijiko cha kuepulia samaki kikimdondoshea mafuta miguuni. Alitazama picha iliyoganda.

"Rudia," alisema.

"Shikamoo, Mama Bariki. Ngoja kwanza, keti..."

"Nimesema rudia."

Akarudia. Alipomaliza, mama akamgeukia. "Huyu ndiye uliyekuwa unamsemea?"

"Ndiye, mama."

"Wa stendi ya Kasulu?"

"Ndiye."

"Na mimi nikacheka," alisema Marcelina, kana kwamba anamweleza mtu habari za mwanamke mwingine. Kisha akaelekeza kijiko kwenye runinga. "Sasa nitafsirie. Huyo Mzungu, hapo mwisho, anamwambia nini? Watanirudishia, au wamemmaliza?"

Taa nyekundu ya maikrofoni ilikuwa imewaka tena, yenyewe. Vijana wote walimtazama Elikana, na macho yao yalikuwa yanamsihi. "DJ, sema chochote," alinong'ona Meshack. Na maneno alikuwa nayo, tayari yamepanga foleni kwenye ulimi: anasema atarudi, mama, anasema wanamtibu shavu. Yangetoka bila kikwazo. Hajawahi kukwama maishani mwake.

"Sijui, mama," alisema.

"Hujui vipi?"

"Sijui Kirusi. Wala hicho cha wenzao."

Marcelina alimkazia macho, akiwa bado na matumaini. "Na Kichina?"

"Sijui."

"Kihindi je, mwanangu? Zile zote nilizokuwa nasikia?"

Elikana akatikisa kichwa. Hakuna aliyecheka.

Mama akasogea hadi benchi la mbele, vijana wakampisha, akaketi mahali ambapo mwanawe alizoea kuketi. Akakilaza kijiko mapajani.

"Basi nyamaza," alisema, "nimsikie."

Elikana akachomoa waya wa maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe, akaanzisha upya.

"Mwakeye, mama."

"Mwakeye, mwana wanje," aliitikia Marcelina kwa sauti kamili, kama anavyoitikia mtu aliyesalimiwa njiani, kwa kuwa salamu haiachwi hewani.

Harufu ya samaki wanaoungua ikaingia kupitia bati. Hakuna aliyeinuka kwenda kuepua. Kipande kikafika mwisho, kichwa kikainama, picha ikaganda.

"Rudia," alisema.