Ngazi ya Mlango wa Uani

Harufu ya saruji kavu, ile inayokaa kooni kama vumbi la chaki, ilininyima usingizi karibu wiki nzima. Mfuko wenyewe ulikuwa umeegemezwa ukutani kwenye korido ya nyumba ya bibi, karibu na mlango wa chumba changu. Aliuleta Mjomba Seif. Alisema sakafu ya uani imepata ufa, na mie, kwa kuwa nimemaliza chuo na nipo tu nyumbani nasubiri kazi, nimsimamie fundi auzibe.

Kazi ndogo. Mtu mwingine angesema sawa mjomba, akalala. Mie niligeuka kitandani, upande huu na upande ule, kwa sababu nilijua kilichokuwa ndani ya ufa ule. Ulikuwa umeota mchicha. Na kila alfajiri bibi yangu, mwanamke aliyeshapita miaka themanini, alikuwa anateremka uani kimyakimya na kikombe cha maji akaumwagilie. Nilimwona kupitia dirisha na sikusema. Sasa nilijiuliza: akianguka, nami nilijua, nitajibu nini? Nikimwambia mjomba, bibi nitamtazama kwa macho gani? Na fundi akimwaga saruji juu ya ule mchicha huku nimesimama pembeni, nitakuwa nimesimamia nini hasa?

Ili mnielewe, inabidi niwarudishe nilipokuwa darasa la tatu, wakati uwanja ule ulikuwa bado udongo.

Tuliishi hapohapo Tandika, mie, mama, na bibi mzaa mama. Nyumba za mtaa wetu zimebanana kiasi kwamba jirani akikaanga pilipili, wewe ndiye unayepiga chafya. Lakini nyuma ya nyumba bibi alikuwa na kipande cha ardhi, na humo alipanda kila kitu kisichojali kubanana: matembele, mchicha, bamia, mchaichai kando ya bomba, mrehani, na asumini iliyoparamia ukuta mpaka ikawa inachungulia kwa jirani. Jioni maua yalipofunguka, harufu yake ilishindana na ya dagaa wa mtaa mzima, na mara nyingi ilishinda.

Bibi aliniita mke mwenzangu, kama bibi wa Pwani wanavyowatania wajukuu wa kike. Mume wetu alikuwa babu, ambaye mie sikumkuta.

"Mke mwenzangu, lete kigoda," alikuwa anasema. "Leo kupalilia zamu yako. Mie jana nilimpikia mume."

"Mume mwenyewe yuko wapi, bibi?"

"Amekukimbia. Hujui kupalilia."

Siku haikupita bila hodi. Mmoja alitaka mchaichai wa chai, mwingine matembele ya mchana, mwingine jani la mrehani la kumwekea mtoto kwenye maji ya kuoga. Bibi aligawa huku anasema: "Chukua, mwanangu, lakini kata, using'oe. Hiyo ni mboga, siyo fitina." Kukiwa na harusi, wasichana walitandika mkeka pale uani wakafunga vikuba, vile vifundo vya asumini na mrehani ambavyo wanawake hujibandika kifuani vikanukia usiku kucha. Mazungumzo yakianza kunoga, mama alinituma dukani kununua kitu ambacho tayari kilikuwepo jikoni. Mie nilidhani wote wale wanakuja kwa ajili ya maua.

Sasa sikilizeni jinsi alivyoanguka, kwa sababu nilikuwepo.

Mlango wa uani ulikuwa na ngazi moja, imemeguka upande. Ilimeguka zamani, na badala ya kuitengeneza, sote tulijifunza kuiruka. Asubuhi hiyo nimekaa kwenye kigoda nachambua mchicha, bibi akatoka jikoni na ndoo iliyojaa maji. Kwa ndoo ile asingeweza kuona anapokanyaga. Kandambili yake ikaingia kwenye pengo, ndoo ikatangulia, yeye akafuata. Akaangukia matembele. Yale matembele ndiyo yaliyomwokoa. Yangekuwa mawe, nisingekuwa naandika habari hii hivi. Aliumia kifundo cha mguu tu, kikavimba kama embe.

Lakini watu walipokuja mbio, walimkuta amelala katikati ya bustani. Kesi ikaishia hapo.

Mjomba Seif alilia, na hilo nalisema ili mjue hakuwa mtu mbaya. Alilia, akafuta machozi, kisha akaitisha kikao sebuleni. Bustani itamuua mama, alisema. Mtu mzima anainama juani anatafuta nini, kwani mchicha hauuzwi sokoni? Mama yangu akaitikia. Nikasimama mlangoni nikasema, "Mjomba, siyo bustani. Ni ngazi."

"We mtoto, wakubwa wanaongea."

"Lakini mie nilimwona."

Mama akanikata jicho la aina ile inayokufikisha chumbani kwako bila kusukumwa. Nikaondoka. Na jambo linalonichoma mpaka leo siyo kwamba hawakunisikiliza mie. Mie nilikuwa mtoto. Bibi alikuwa chumba cha pili, macho makavu, mlango wazi, anasikia kila neno. Katika kikao kizima cha kuamua maisha yake, hakuna aliyenyanyuka kwenda kumuuliza: mama, ulianguka vipi?

Jumamosi mafundi walikuja. Asumini iling'olewa na mizizi yake ikatupwa barabarani, na mbuzi wa mtaani wakaifaidi. Mjomba alitaka kumfanyia mama yake kitu cha heshima, kwa hiyo sakafu ilipigwa niru, yaani ikasuguliwa kwa saruji tupu mpaka ikang'aa kama ya sebuleni. Kila fundi aliyepita na toroli aliiruka ile ngazi. Aliambiwa, "Angalia hapo pamemeguka," akashukuru, akaruka.

Bibi alitoka akiwa na mkongojo, akatazama muda mrefu.

"Seif," alisema, "saruji naona mmeshaleta. Sanda mnaleta lini?"

Mjomba akacheka. "Mama bwana! Ni kwa usalama wako."

Mvua ya kwanza iliponyesha, usalama ule uling'aa kama kioo. Bibi alitoka kuanua kanga, akateleza palepale yalipokuwa mabamia, safari hii bila matembele ya kumpokea. Akavunjika mkono. Mnadhani walisema tumekosea, niru haipigwi nje? Walisema mama haruhusiwi tena kutoka kwenda uani. Kwanza walimnyima udongo kwa sababu ya kosa la ngazi, kisha wakamnyima jua kwa sababu ya kosa la saruji yao wenyewe. Wakamnunulia kiti cha plastiki, wakakiweka mbele ya televisheni, na kila mgeni akaambiwa jinsi bibi anavyotunzwa. Yeye alikaa pale anatazama tamthilia asizozifuata, na vidole vyake vikichambua pindo la kanga kana kwamba ni mchicha.

Hodi zikapungua, kisha zikaisha. Nilikasirika na majirani pia. Nilidhani wamemsahau.

Nilikuja kuelewa nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, mji wa watu, simjui mtu. Nilikuwa nakaa bwenini nikitamani mtu yeyote agonge mlango, hata kuomba chumvi. Siku moja msichana wa chumba cha jirani aligonga, akaniomba kiberiti, na nilifurahi mpaka nikaona aibu. Hapo nikamkumbuka bibi. Majirani hawakumsahau. Hawakuwa tena na kitu cha kumwomba, na bila hicho walikosa sababu ya kuingia. Sisi tulimwona mzee anayeinama juani, tukamwonea huruma. Hatukuona kwamba kwa ule mchaichai wake alikuwa mtu anayehitajika mtaani. Tulimwaga saruji kati yake na watu, halafu tukamshangaa kwa nini haongei.

Kwa hiyo fundi alipofika asubuhi, akauliza ufa uko wapi, nilikuwa bado sijaamua. Naapa. Nilifungua mlango wa uani kumwonyesha, na yule fundi, hajawahi kufika kwetu hata siku moja, akaiona ngazi, akairuka.

Basi. "Fundi," nilisema, "achana na ufa. Hiyo saruji anzia kwenye ngazi. Ijaze, ipanue, na pembeni uchimbie bomba la chuma la kushikia. Ukimaliza, ivunje hii sakafu kandokando ya ukuta, ujenge tofali kuzunguka mpaka usawa wa goti, tutie udongo. Mtu alime amekaa, asiiname. Iliyobaki ikwaruze kwa tindo isiteleze."

Akanitazama. "Sista, mwenye nyumba anajua?"

"Mwenye nyumba ni mie," sauti ya bibi ilitoka nyuma yetu. "Vunja."

Nilimpigia mjomba mwenyewe, kabla hajaambiwa na mwingine. Alifoka, kama nilivyotarajia. Kusoma ndiko kumekufundisha hivyo? Akianguka je?

"Mjomba, shikamoo tena. Mara ya kwanza alianguka wapi?"

"Si bustanini! Kwenye matembele."

"Aliangukia matembele. Alianguka kwenye ngazi."

"Ngazi ipi?"

"Ile uliyoiruka juzijuzi ulipokwenda kuangalia ufa."

Nilimsikia akivuta kiti. Kisha akasema udongo mzuri unapatikana Mbagala, atatuma gari.

Saruji ilipokauka na udongo ulipojaa, nilimvalisha bibi raba, nikampa kikopo kidogo cha maji badala ya ndoo, tukatoka kabla jua halijawa kali. Alishika bomba, akateremka. Mie nikaweka mikono nyuma ili nisimdake, na nikayameza yale maneno tuliyomwambia miaka yote: bibi, angalia. Akakaa kwenye ukingo wa tofali, akaingiza vidole kwenye udongo, akavunja bonge moja, akalinusa.

"Mke mwenzangu, mbona umesimama kama askari?"

"Nakuangalia tu, bibi."

"Mie siyo televisheni. Nenda kwa jirani. Ile asumini yangu iliyokuwa inachungulia kwake, nasikia tawi lilishika mizizi kulekule. Kaombe kipande. Mwambie sasa ni zamu yangu kuomba."

Nikaenda haraka, na mlangoni nikairuka ngazi kwa mazoea, ingawa haikuwa tena na pengo.