Shiromani Niliyoifuata Ngomeni

Mke wangu alikuwa amenipania. Nyumba aliyojengewa na wazazi wake hapo Mutsamudu, kisiwani Nzuani, ilikuwa tayari, na kwa desturi yetu visiwani mume ndiye anayehamia kwa mke. Mimi nilikuwa bado nang'ang'ania Moroni, kisiwa kingine, mtaa wa Magoudjou, kila safari na kisingizio cha kazi. Akaona dawa ni kunipandisha ngomeni, niuone mji wake kutoka juu, nilainike.

Mama mkwe akajitolea kubeba kapu la chakula, akalikumbatia kifuani. Wote wawili walijitanda shiromani, lile vazi la wanawake wa Nzuani, nyekundu na nyeupe, za jora moja, zilizonunuliwa kwa harusi yetu. Ukiwatazama kwa nyuma, kimo ni kile kile na mwendo ni ule ule.

Ngazi za kupanda huko hazina huruma. Njiani mke wangu alisimama kusalimiana na shoga yake, na mimi, nilivyokuwa nikihema, sikumwona. Nikaifuata shiromani iliyokuwa mbele, nikidhani mama mkwe na kapu lake ndio waliobaki nyuma, nikasema moyoni, sasa tuko wawili, hapa ndipo pa kulitoa dukuduku langu. Moroni, miaka ile mamluki wa Kizungu walipokuwa wameishika serikali, tulizoea kusema la moyoni kwa sauti ya chini, macho chini, maana hujui nani anasikiliza. Ndivyo nilivyosema, nikiziangalia ngazi.

Nilisema yote. Kwamba kazi ni kisingizio tu. Kwamba mama yangu hana binti, ana mimi peke yangu, na nikihama atabaki Magoudjou na kuku wake. Kwamba naona haya, kwa kuwa kwetu mwanamume haendi ukweni akiongozana na mama yake. Shiromani ikaendelea kupanda, kimya. Nikafurahi kwamba nimeoa mwanamke msikivu.

Juu kabisa, penye mizinga iliyoshika kutu, akalitua kapu na kugeuka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtu na mama mkwe wake, kwetu, hata salamu hupimwa.

Akaanza kutoa vyakula kapuni. Kisha akasema, "Mwanangu, nyumba ile tumeijenga mimi na mume wangu. Chumba cha mbele hakina mtu. Kamlete mama yako, na hao kuku wake."

Mke wangu alipofika akauliza mbona nimelowa jasho vile. Mama yake akamjibu kwamba watu wa Moroni hawajazoea ngazi, akanipakulia kipande kikubwa cha samaki. Nilikula nikiyatazama mapaa na mnara wa msikiti pale chini, na wallahi mji ulikuwa mzuri.

Mama yangu kule Moroni alikataa, akakataa tena, mwishowe akapanda meli. Yeye na mama mkwe waliishi wakigombania jiko, huyu akitaka nazi nyingi, yule kidogo, wakicheka hadi majirani wanasikia. Mama alipofariki hakuwa na binti wa kumwosha. Mama mkwe akakunja mikono ya nguo, akaingia chumba cha mbele, akafunga mlango.