Kibarua Kimoja, Migongo Mitatu

Bosi wangu wa Lodwar alipenda mipaka iliyobana. Tulikuwa tukikadiria wastani wa saa wanazofanya kazi kwa wiki watu wa vibarua visivyotosha. Huwezi kuuliza kila mtu, kwa hiyo unauliza baadhi, kisha unatoa mipaka miwili, wa chini na wa juu, na kutamka kwa uhakika kwamba wastani wa kweli umo humo katikati. Wastani wa Kakuma ukionekana mkubwa, mradi wa ajira ungepelekwa kwingine.

"Mipaka imeachama kama mlango wa kanisa!" alinifokea. "Ongeza watu."

Nikarudi Kakuma, jua la kupasua utosi, nikaongeza watu, wengi wao wapakuaji wa malori. Mipaka ikabana. Wastani nao ukapaa! Wapakuaji mizigo wanashinda kazini kuliko mimi? Nilitamani kuitupa kompyuta lagani, kwenye ule mto mkavu.

Nikaenda kwenye malori kujionea. Mwenye unga alimwajiri mama mmoja niliyemhoji wiki iliyotangulia. Akabeba magunia machache, akaketi. Wifi yake akapokea, kisha jirani. Kibarua kimoja, migongo mitatu, na wote watatu walikuwa wameniambia wamefanya kazi kutwa.

"Mama, mbona mlisema kutwa nzima?"

"Si kazi ni yetu? Nitasema aje huyu alibeba na mimi nilikaa tu? Hiyo ni kumuacha peke yake."

Kumbe saa zilezile tulizihesabu mara tatu. Tungeuliza Turkana nzima, mipaka ingezidi kubana na kosa lingebaki palepale. Tena kosa ni letu, maana swali lilikuwa letu.

Nikamweleza bosi. Hakuinua hata kichwa. "Mipaka imebana safi. Weka sahihi."

Hilo "safi" ndilo lililonichoma. Nikakataa. Mkataba wangu haukuongezwa, na mradi ukaenda kwingine vilevile. Ukaidi wangu haukumlisha mtu.

Nilirudi kumwambia yule mama mwenyewe kwamba mradi umeenda, nikiwa tayari kutukanwa.

"Ejok," alinisalimu, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na wewe sasa, unafanya kazi masaa ngapi?"

"Sina kazi, mama."

Akasogea kidogo, akaniachia nafasi kivulini.

"Basi kaa. Lori ikikuja, utabeba baada ya huyu."