Insulini Iliyovaa Sweta

Kamwene ndugu zangu. Leo nimekuta insulini ya mama yangu imevaa sweta.

Sitanii.

Mwezi mzima sukari ya mama inapanda, na mwezi mzima namgombeza kwa simu nikiwa Makambako. Mama, umekunywa ulanzi! Mama, umekula viazi vingapi? Anaapa kwamba hiyo pombe ya mianzi haigusi na sindano anachoma kila siku.

Simwamini.

Leo asubuhi nimefunga safari hadi kwake, kijijini Yakobi. Nikamwambia, "Nionyeshe dawa."

Akanipeleka jikoni. Akanyoosha mkono kwenye uchanja ulio juu ya moto, pale anapokaushia mahindi ya mbegu, akashusha kifurushi. Sweta langu la shule! Ndani yake chupa ya insulini, ya moto kama chai.

Jamani, joto linaua hiyo dawa! Mwezi mzima ni kama amejichoma maji.

Nikafoka. "Mama, nani amekwambia uiweke motoni?"

Akanitazama kwa upole, na upole wake ndio unaniudhi zaidi.

"Si wewe? Siku ile ya kliniki uliniambia niitunze kama mtoto mchanga. Kwa baridi hii ya Njombe, wewe ulipokuwa mchanga ulilala wapi?"

Nesi alinieleza mimi, vizuri kabisa: iwekwe penye ubaridi, mbali na moto. Nikamfupishia mama kwa sababu nilikuwa nawahi gari.

Haya, semeni kosa ni la nani. Ila mjibu kwa adabu, mama amekaa hapa anasubiri nimsomee komenti.